Wahenga waliotoka mbali: namna ya kuwatafuta katika vitabu vya zamani vya Kanisa



Waamini wengi wa Nachingwea na Ruangwa, kuanzia Namungo na Mnacho hadi Mnero na Kilimarondo, wakiulizwa asili yao hujibu kwa jina la kabila: Mmwera, Mmakua, Myao, Mmakonde, Mngindo, Mngoni. Wakiulizwa zaidi, jibu hugeuka kuwa safari. Bibi alivuka Ruvuma akiwa amebebwa mgongoni. Babu alikuja kung'oa visiki wakati wa karanga. Mama mzaa bibi alitekwa akiwa mtoto, wala hakupaona tena kwao. Baada ya hapo hufuata kimya.

Makala haya yanaeleza namna vitabu vya Kanisa vinavyoweza kutusaidia kukiondoa kimya hicho: ni vitabu gani, vimeandikwa nini, vinasomwaje, vinaombwa kwa nani, na mipaka yake ni ipi. Usajili wa vizazi na vifo wa serikali za kikoloni haukuwafikia Waafrika wengi wa vijijini. Kwa hiyo, kwa mtumwa aliyekombolewa, mpagazi wa vita, kibarua wa mkonge au mkimbizi, mstari mmoja katika kitabu cha wabatizwa mara nyingi ndio maandishi pekee yaliyomtaja kwa jina lake na kumtaja mama yake. Wazee wanaoweza kuutafsiri mstari huo wanapungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu tunawahimiza waamini kuianza kazi hii mapema.

Kwa nini Kanisa huandika majina

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu kutaja wahenga wageni. Mathayo anaianza Injili yake kwa orodha ya ukoo wa Bwana wetu, na ndani yake amemweka Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyemfuata mama mkwe wake katika nchi asiyoijua. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Mwisraeli anayeleta malimbuko yake anaagizwa kukiri mbele ya Mungu kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Nacho kitabu cha Ezra, sura ya 2, kinasimulia habari za familia zilizorudi kutoka uhamishoni, zikatafuta orodha za koo zao, zisizione. Kutangatanga na kupoteza orodha si mambo mapya kwa taifa la Mungu.

Sheria ya kuandika ilikua polepole. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza maparoko wawe na vitabu vya ndoa na vya ubatizo. Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaongeza vitabu vya kipaimara, vya marehemu, na vya hali ya familia za parokia. Mwaka 1907 hati ya Papa Pius wa Kumi iitwayo *Ne temere* ilidai kwamba ndoa ya kila mwamini iandikwe pia pembeni ya mstari wa ubatizo wake. Ikaanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa Askofu kila mwisho wa mwaka, isipokuwa kitabu cha hali ya familia. Sheria za sasa, za mwaka 1983, katika kanuni ya 535, zinaagiza kila parokia iwe na vitabu hivyo na mahali salama pa kuvitunzia, na kwamba vile vya zamani navyo vihifadhiwe kwa uangalifu.

Kwa mtafutaji, jambo la kushika ni hili: kitabu cha ubatizo hakikuishia siku ya ubatizo. Pembeni mwake yamekuwa yakiongezwa habari za kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za kitawa. Mstari mmoja ukihifadhiwa vizuri unaweza kubeba habari za maisha mazima ya mtu.

Walikuja lini, na kwa njia zipi

Kabla ya kufungua kitabu, ni lazima kukadiria mhenga alifika katika wimbi gani. Kila wimbi limeacha alama zake mahali pake.

*Karne ya 19.* Wamwera waliwapokea majirani wengi. Wamakua na Wayao walisogea kutoka kusini mwa Ruvuma. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini mwa Afrika, walifika Ungoni na kuanza kushambulia hadi huku kwetu, wakichukua mateka. Misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilielekea Kilwa Kivinje, ikiacha njiani waliougua na waliotoroka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakitoka Unguja. Familia yenye simulizi ya "babu alitoka Unguja lakini hakuwa Mwarabu wala Mhadimu" iifikirie njia hii kwanza.

*Wamisionari Wabenediktini na Vita vya Maji Maji.* Wabenediktini wa St. Ottilien walianzisha misioni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka 1896. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipozuka, misioni zote mbili zilichomwa. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss aliuawa katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Baada ya vita ilikuja njaa, na watu wengi walihama kutafuta chakula. Misioni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906. Kwa hiyo anayetafuta habari za kabla ya mwaka 1905 ajiandae kukuta mapengo.

*Vita Kuu ya Kwanza.* Mwaka 1917 majeshi yalipigana Narungombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba. Wapagazi wengi waliletwa kutoka mbali, na baadhi yao hawakurudi makwao. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Kwa miaka kadhaa imani ilishikwa na makatekista, na baadaye Wabenediktini wenye asili ya Uswisi wakashika nafasi kubwa katika uongozi wa misioni. Pengo la miaka hiyo katika vitabu vya ubatizo si uzembe wa mtu. Ni alama ya vita.

*Kazi za kulazimishwa, mkonge na karanga.* Kati ya vita viwili vya dunia Wamakua na Wamakonde wengi walivuka Ruvuma wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno, na wengine walifuata mashamba ya mkonge ya Lindi. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mji ulijengwa porini, reli ikaletwa kutoka pwani, na vibarua wakaja kutoka kila upande. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Vibarua wengine walikwisha kuoa hapa, wakabaki.

*Vita vya ukombozi wa Msumbiji.* Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Katika miaka hiyo maelfu ya wakimbizi waliishi Tanzania, baadhi yao katika makazi ya Rutamba, wilayani Lindi, na ya Matekwe, wilayani Nachingwea. Nayo FRELIMO ilikuwa na kambi yake ya mafunzo Nachingwea. Wengi walirudi kwao baada ya uhuru, lakini si wote.

Mwisho, tusisahau uhamaji wa ndani. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mahali palipoandikwa kitabuni kama kijiji cha kuzaliwa huenda leo ni mahame yenye miembe tu. Jina lisipoonekana katika ramani ya sasa, waulizwe wazee.

Kitabu kiko wapi leo

Mipaka ya Kanisa imebadilika mara nyingi, na mtu anaweza kutafuta katika ofisi isiyohusika kwa miaka bila kujua. Nchi yetu ilikuwa kwanza chini ya mamlaka ya kimisionari ya Zanguebar ya Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1887 na kuongozwa baadaye kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1913 ikaundwa Prefektura ya Kitume ya Lindi, na mwaka 1927 ikawa Abasia yenye mamlaka ya kijimbo. Mwaka 1931 eneo hilo liligawanywa: Peramiho upande mmoja, Ndanda upande mwingine. Tarehe 20 Desemba 1963 Jimbo la Nachingwea lilizaliwa kutoka Ndanda, na Askofu wake wa kwanza akawa Arnold Cotey, Msalvatoriani. Mwaka 1972 eneo lililobaki la Ndanda likawa Jimbo la Mtwara. Mwaka 1986 Jimbo la Nachingwea likapewa jina la Lindi, na Jimbo la Tunduru-Masasi likaanzishwa.

Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Lukuledi atafutwe kupitia Tunduru-Masasi, na aliyebatizwa Nyangao kupitia Lindi. Kanuni ya kazi ni rahisi: kwanza parokia ya leo yenye eneo husika, kisha parokia mama iliyoizaa, maana vigango vingi vimekuwa parokia baadaye na vitabu vya zamani mara nyingi hubaki kwa mama, kisha ofisi ya Kansela wa Jimbo. Kwa habari za wamisionari wenyewe, barua na kumbukumbu za misioni, wa kuulizwa ni Abasia ya Ndanda, na Abasia Kuu ya St. Ottilien, Ujerumani.

Mhenga aliyebatizwa na Waanglikana atafutwe katika Dayosisi ya Masasi ya Kanisa Anglikana. Kumbukumbu za UMCA yenyewe zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, Uingereza. Aliyetoka Msumbiji akiwa tayari Mkristo atafutwe katika majimbo ya kule: Pemba, ambalo zamani liliitwa Porto Amélia, Lichinga, lililoitwa Vila Cabral, au Nampula.

Anza nyumbani, na anza kwa mama

Kabla ya kwenda parokiani, kaa na wazee na uandike. Miongozo mingi ya nchi za ng'ambo humfundisha mtafutaji kufuata jina la ukoo la baba. Kwetu njia hiyo hupoteza watu. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mmakua hutambulishwa kwa *nihimo* yake, Mmakonde kwa *litawa*, Myao kwa *lukosyo*, na vyote hivyo vinatoka kwa mama. Jina la pili lililoandikwa kitabuni mara nyingi ni jina la baba au la babu, si jina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa kwa majina ya pili tofauti. Kwa hiyo safu ya jina la mama ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Waulize wazee mambo haya:

- Ukoo wa mama ni upi, na mjomba mkubwa aliishi wapi?
- Mhenga aliitwaje utotoni, na aliitwaje baada ya jando au unyago? Kitabu kinaweza kuwa na jina la utoto ambalo mwenyewe aliliacha na ambalo wajukuu hawakulisikia kamwe.
- Jina lake la ubatizo lilikuwa lipi, na wasimamizi wake walikuwa akina nani?
- Alifika kabla au baada ya tukio gani: Maji Maji, vita ya Mjerumani, karanga, uhuru?
- Alizikwa wapi, na nani aliyeongoza mazishi?

Wazee Waislamu katika familia waulizwe pia, kwa heshima ileile. Katika wilaya zetu ni koo chache zisizo na dini zote mbili, na mara nyingi shangazi au mjomba Mwislamu ndiye anayekumbuka jina ambalo Wakristo wamelisahau.

Kuusoma mstari wa zamani

Vitabu vya misioni mara nyingi vimeandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yanatosha kuanzia:

- *baptizatus, baptizata*: amebatizwa (mwanamume, mwanamke)
- *natus, nata*: amezaliwa
- *filius, filia*: mwana, binti
- *pater, mater*: baba, mama
- *patrinus, matrina*: msimamizi wa kiume, wa kike
- *infans, adultus*: mtoto mchanga, mtu mzima
- *pagani*: wasio Wakristo
- *in periculo mortis*: katika hatari ya kufa
- *sub conditione*: kwa sharti
- *conjunx, uxor, vidua*: mwenzi wa ndoa, mke, mjane
- *obiit, sepultus*: amefariki, amezikwa
- *ignotus*: hajulikani
- *circa* au *ca.*: takriban

Mambo matano huwakwaza wasomaji wengi. La kwanza ni mwisho wa majina. Kilatini hubadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi: *filius Petri* ni mwana wa Petro, wala baba hakuitwa Petri. La pili ni miezi. Vifupisho *7bris, 8bris, 9bris* na *Xbris* ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, si mwezi wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi, maana vinafuata maana ya majina ya Kilatini.

La tatu ni tahajia. Mjerumani aliandika sauti alizozisikia kwa herufi zake: *tsch* ni ch, *dsch* ni j, *sch* ni sh, na *j* mara nyingi ni y. Ndiyo maana Machemba, mkuu wa Wayao aliyewapinga Wajerumani, huonekana kama Matschemba, Wayao kama Wajao, na Masasi kama Massassi. Mreno naye aliandika Macua, Maconde na Ajaua, na *nh* yake ni ny yetu. Ongeza kwamba *l* na *r* hubadilishana katika vinywa vya watu wetu. Jina likikosekana, litamke kwa sauti, kisha litafute kwa kila sura linayoweza kuandikwa.

La nne ni majina ya watakatifu. Yosefu, Josephus na Josef ni jina moja. Vivyo hivyo Yohane, Joannes na Johannes. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa Kilatini katika ubatizo na kwa Kiswahili katika ndoa. La tano ni umri. Mtu mzima aliyebatizwa baada ya miaka ya ukatekumeni mara nyingi hakujua mwaka wake wa kuzaliwa, na padre alikadiria. Tafuta miaka kumi kabla na kumi baada.

Kisha soma pembeni. Kwa wahamiaji, alama nne zina uzito wa pekee. Mahali pa kuzaliwa pasipofanana na vijiji vya jirani ni dalili ya safari. Wasimamizi nao hutoa ushuhuda, kwa kuwa mgeni asiye na ndugu hupenda kumchagua mtu wa kwao. Ukiona msimamizi mmoja amesimamia watu kadhaa wenye asili moja, huenda umekikuta kikundi kilichohama pamoja. Neno *sub conditione* laweza kuonyesha kwamba mtu huyo alisemekana kubatizwa mahali pengine, pengine kwa Waanglikana, na ubatizo wa kwanza haukuthibitika. Na habari ya ndoa iliyoongezwa pembeni hutaja tarehe na parokia ya ndoa, ambako kuna mstari mwingine wa kusoma.

Kitabu cha ndoa ndicho daraja bora kuliko yote. Mtu aliyefunga ndoa mbali na parokia ya ubatizo wake alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo, na cheti hicho kilitunzwa pamoja na karatasi za maandalizi ya ndoa. Kibarua wa karanga aliyeoa Nachingwea mwaka 1950 huenda hakuwasimulia watoto wake habari za kwao. Lakini paroko aliyemfungisha ndoa alipaswa kuiuliza parokia ya ubatizo. Mwulize paroko kama karatasi hizo bado zipo, wala usiishie kwenye kitabu.

Utaratibu wa kuomba

Vitabu vya parokia si maktaba ya wazi. Vina siri za watu, baadhi yao wangali hai. Sheria za Kanisa, kanuni ya 487, zinampa kila mtu haki ya kupata nakala ya hati zisizo za siri zinazohusu hali yake mwenyewe. Kwa habari za marehemu wa ukoo, tunategemea busara ya paroko na ruhusa ya Jimbo. Fuata hatua hizi:

1. Pata barua ya utambulisho kutoka Jumuiya yako Ndogo Ndogo ya Kikristo na parokia yako.
2. Andika kwa paroko husika ukitaja jina la ubatizo na majina mengine yote ya mhenga, wazazi, wasimamizi, kigango au kijiji, miaka ya kukadiria, na undugu wako naye.
3. Eleza sababu: ndoa, sala kwa marehemu, historia ya familia.
4. Subiri. Paroko mmoja ana vigango vingi; mara nyingine atahitaji siku tulivu baada ya Pasaka au Noeli.
5. Ukiruhusiwa kuona kitabu, osha na kausha mikono, tumia penseli wala si kalamu ya wino, na usipige picha bila ruhusa.

Ukurasa ukikosekana, usikate tamaa. Kanuni ya 876 inakubali, kwa ajili ya kuthibitisha ubatizo pale ambapo hakuna wa kudhuriwa, tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Bibi aliyekuwapo siku ile ni hati iliyo hai.

Wako watu na mashirika ya nje wanaotaka kunakili vitabu vya parokia kwa ajili ya nasaba. Mwezi wa Aprili 2008 Vatikani, kupitia idara yake ya Wakleri, iliwaagiza Maaskofu wasikabidhi vitabu vya parokia kwa Chama cha Nasaba cha Utah, ili majina ya waamini marehemu yasije yakatumika katika desturi ya Wamormoni ya kuwabatiza wafu kwa niaba. Katekista au katibu wa parokia akiombwa jambo la namna hii, amjulishe paroko kwanza, naye aiulize ofisi ya Kansela.

Yale yanayoweza kuumiza

Wako watakaokuta neno *ignotus* mahali pa jina la baba. Wako watakaogundua kwamba bibi yao alinunuliwa, au kwamba tarehe ya ubatizo ni ileile ya kifo. Wako wazee wanaoficha asili ya Msumbiji kwa kuogopa kuitwa wageni. Tunawaomba watafutaji watangulize upendo. Mzee asiyetaka kusema asilazimishwe, wala habari ya aibu isisomwe mbele ya ukoo mzima kabla ya kuongea faragha na wale inaowagusa. Palipo na jeraha, mweleze padre wako.

Ieleweke pia kwamba kitabu cha ubatizo si hati ya uraia. Hakimfanyi mtu awe Mtanzania, wala hakimwondolei Utanzania wake kwa sababu bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Cheti cha ubatizo hupokewa na RITA kama kiambatisho katika kusajili kizazi kilichochelewa, lakini maswali ya uraia yana ofisi zake na sheria zake. Mtu yeyote asitumie habari za kitabu cha Kanisa kumtishia jirani kwa asili yake. Mbele ya kisima cha ubatizo hakuna mgeni.

Wala tusidhani kwamba padre aliyeandika neno la dharau juu ya kabila fulani aliandika neno la Injili. Wamisionari walikuwa watu wa nyakati zao. Lakini mkono uleule ulioandika *pagani* kwa wazazi, uliandika pia majina ya wazazi hao, na kwa kufanya hivyo ukatuachia njia ya kuwarudia.

Wajibu wetu kwa watakaokuja

Mchwa, unyevu na panya havijui sheria za Kanisa. Tunaziomba kamati za parokia zitoe kabati la chuma lisilogusa ukuta wala sakafu, na zisiruhusu kurasa zilizochanika kubandikwa utepe wa gundi, maana gundi hula karatasi. Makatekista waandike majina kwa ukamilifu: jina la utoto na la ukubwani, jina la mama na ukoo wake, kijiji cha kuzaliwa na cha sasa. Ndoa na mazishi yanayofanyika mbali yatolewe taarifa katika parokia ya ubatizo. Mhamiaji wa leo aliyekuja Ruangwa kutafuta madini au kulima ufuta ndiye mhenga wa kesho, na wajukuu wake watatutegemea kama sisi tunavyowategemea waliotutangulia.

Familia zilizokwisha kupata majina ziyaandike katika daftari la nyumbani, nakala moja ikabidhiwe parokiani, kisha ziyalete altareni. Kumbukumbu ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ni siku ifaayo. Mtu aliyeingia nchi hii bila ndugu, akafa, na kwa miaka mingi akaombewa kwa pamoja chini ya maneno "na ukoo wote", ana haki ya kuombewa kwa jina lake.